Chekeche na Kikombe: Kusoma Ripoti za Wasaka Vipaji Kutokea Kirua Vunjo

Ripoti ya msaka vipaji ni fupi, ukurasa mmoja, mara nyingi nusu. Juu kuna namba: urefu, uzito, urefu wa mkono kuanzia begani hadi ncha za vidole, upana wa kiganja, sekunde za kukimbia yadi 40. Chini yake kuna vichwa viwili, ubora na udhaifu, vyenye vijisentensi vilivyokatwa mikia: anaanza haraka, anasimama wima mno, anahitaji kuongeza kilo. Mwishoni anatajwa mchezaji maarufu anayefanana naye, kisha raundi anayostahili kuchukuliwa. Basi. Kijana wa miaka 22 ameshaandikwa.

Nasoma shahada ya umahiri katika fasihi, na ripoti hizi nazisoma kama ninavyosoma wasifu au utenzi: kama utanzu wenye kanuni zake. Utanzu huu una wasomaji wengi. Kila mwaka timu 32 za mpira wa Kimarekani, zile za ligi ya NFL, huchagua kwa zamu vijana waliotoka kucheza vyuoni. Shughuli hiyo huitwa drafti, ina raundi 7, na mamilioni ya watu huifuatilia. Watanzania wengi tuliijua drafti kupitia kikapu, mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipochaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Tangu hapo jina lake limefanywa mfano wa kipimo kilichodanganya: urefu wa mita 2.21 usiozaa kilichotarajiwa. Tumemcheka, tumemtetea. Mara chache tumeuliza karatasi iliyompandisha huwa inaandikwaje.

Napenda kuisoma karatasi hiyo kupitia mtu mwingine wa kwetu, au tuseme wa kwa jirani. Mathias Kiwanuka alizaliwa Indianapolis mwaka 1983, wazazi wake wakiwa Waganda. Alicheza Boston College, akaweka rekodi ya chuo hicho, na mwaka 2006 New York Giants wakamchukua akiwa wa 32, wa mwisho katika raundi ya kwanza. Nafasi yake ni mlinzi wa ukingoni mwa mstari. Kwa asiyeujua mchezo huu: mbele yake linasimama jitu la kilo 140 lenye kazi moja tu, kumzuia asipite. Nyuma ya jitu hilo yuko kwotabeki, anayetafuta wa kumrushia mpira. Mlinzi wa ukingoni ana sekunde mbili au tatu za kumzunguka yule jitu, au kumpita katikati ya kifua, na kumwangusha kwotabeki kabla mpira haujatoka mkononi. Kiwanuka aliwaangusha mara 37.5 akiwa chuoni. Nusu hupatikana walinzi wawili wanapogawana windo.

Tuwatendee haki waandishi wa ripoti. Drafti ya mwaka 2006 ilikuwa na walinzi wa ukingoni wengi. Wa kwanza kabisa kuchaguliwa alikuwa Mario Williams, aliyekwenda Houston huku mashabiki wakizomea kwa sababu walitaka mshambuliaji. Wa 20 alikuwa Tamba Hali, mzaliwa wa Liberia aliyeikimbia vita akiwa mtoto. Wa 32, Kiwanuka. Walipostaafu, Williams alikuwa ameangusha mara 97.5, Hali mara 89.5, Kiwanuka mara 38.5. Mpangilio ni uleule. Anayedhani wasaka vipaji ni wapiga ramli wa bei ghali ana kazi ya kuzieleza namba hizo.

Tena wana jambo la kutufundisha. Sikiliza redio zetu siku ya mechi. Mchezaji mkubwa ni miraba minne, mwenye kasi ni mwepesi kama swala, na akifunga ana kipaji cha kuzaliwa. Neno kipaji kwetu hufunga mjadala. Kwao ndipo mjadala unapoanzia. Msaka vipaji hurudia mkanda mmoja mara kumi kutazama mguu upi ulitangulia, nyonga iligeuka lini, kiganja kilitua kifuani au begani. Ripoti nzuri humtazama mtu kwa uvumilivu ambao wasifu mwingi wa Kiswahili hauna. Katika wasifu wetu shujaa huzaliwa, husoma kwa shida, hufaulu. Mikono yake hatuioni ikifanya kazi.

Kasoro yake iko kwingine, na mimi niliielewa kwa sababu natoka Kirua Vunjo, kwenye kahawa. Nyumbani buni humenywa, huchachushwa, huoshwa na kuanikwa juani kwenye vichanja hadi iwe kahawa ya maganda. Ikifika Moshi hukobolewa, kisha hupita kwenye chekeche zenye matundu ya ukubwa tofauti. Punje kubwa huitwa AA, zinazofuata A, kisha B, na zile za mviringo zilizolala peke yake ndani ya tunda huitwa PB. Baada ya hapo huja kikombe. Sampuli hukaangwa, husagwa, humwagiwa maji ya moto, na waonjaji huvuta kwa kijiko kwa kelele, wakazungusha mdomoni, wakatema. AA iliyochacha kupita kiasi inaweza kuaibishwa na B iliyoandaliwa na mtu makini. Kila mkulima anajua kwamba chekeche si kikombe. Chekeche hupima ukubwa wa punje. Kikombe ndicho kinachoeleza mvua, kivuli cha migomba, na usiku ule uliosahau kubadilisha maji.

NFL nayo ina chekeche yake. Tangu mwaka 1987 vijana hupelekwa Indianapolis, mji uleule aliozaliwa Kiwanuka, kwenye zoezi liitwalo Kombaini. Kwetu kombaini ni timu iliyochaguliwa tayari, kama anavyojua yeyote aliyepita UMISSETA. Kwao ni mahali pa kuchagulia. Huko vijana hupimwa kama nilivyoeleza, hunyanyua chuma cha kilo 102 mara nyingi wawezavyo, na kwa miaka mingi walipewa pia mtihani wa akili wa maswali 50 kwa dakika 12. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Pale vizuri vyote vinajitembeza, tena kwa kaptura.

Kikombe pia wanacho: ile mikanda inayorudiwa usiku. Lakini msaka vipaji akiingia kikaoni na namba, ana ngao. Akiingia na ladha, ana neno lake tu. Ndiyo maana ripoti huanza na chekeche, na kikombe hubanwa chini kwa vijisentensi visivyo na mtenda. Mwaka huohuo wa 2006 iliripotiwa kwamba kwotabeki Vince Young wa Texas alipata 6 kati ya 50 katika ule mtihani, na nchi nzima ikacheka. Titans wa Tennessee walimchukua wa tatu hata hivyo, na akamaliza msimu akiwa mshambuliaji bora kati ya wachezaji wapya.

Vijana hao wawili walikutana tarehe 26 Novemba 2006. Giants waliongoza 21 kwa 0 hadi robo ya mwisho, Titans wakarudi hadi 21 kwa 14. Zikiwa zimebaki dakika chache, Titans walikuwa kwenye jaribio la nne na la mwisho, yadi 10 mbele yao. Kiwanuka alimpita mzuiaji wake na kumkumbatia Young kiunoni. Kilichobaki kilikuwa kumlaza chini. Akamwachia. Young akakimbia, akapata yadi zilizohitajika, Titans wakasawazisha, kisha wakashinda 24 kwa 21. Kiwanuka alieleza baadaye kwamba alidhani mpira umeshatoka, na kumwangusha kwotabeki aliyekwisha kurusha huadhibiwa kwa yadi 15.

Ripoti ya msaka vipaji ina safu ya mikono mirefu. Haina safu ya mikono inayojua kuachia. Katika mchezo ambao kuchelewa nusu sekunde ni kosa na kuwahi nusu sekunde ni kosa pia, kujizuia ni sehemu ya ustadi, na siku ile kulimponza. Utanzu huu unajua kusema ana fujo za kutosha au hana. Hauna kitenzi cha mtu aliyeamua.

Nilimwonyesha baba mkubwa kipande hicho kwenye simu. Alipima kahawa kwenye chama cha msingi kwa miaka mingi, na mchezo wenyewe hakuuelewa, ila ripoti aliielewa upesi nilipomfasiria.

"Sasa huyu anayeandika," akaniuliza, "akikosea, hasara ni ya nani?"

"Ya timu, baba mkubwa. Na ya kijana."

"Mwandishi je?"

Nikasema mwandishi mwakani anaandika nyingine. Akacheka. Mkulima wa Kirua hupokea malipo ya awali anapopeleka mzigo, na ya pili baada ya mnada, kama yapo. Kati ya malipo hayo mawili hatari yote ni ya mkulima, siyo ya aliyeshika mizani. Giants walimhamisha Kiwanuka nafasi mwaka 2007, akavunjika mguu msimu huohuo, na timu ikatwaa ubingwa yeye akiwa nje. Mwaka 2010 shingo ilimtoa tena baada ya mechi tatu. Alirudi, akatwaa ubingwa uwanjani mwezi Februari 2012. Mwaka 2015 wakamwacha. Malipo ya pili ya drafti hulipwa kwa mifupa, na mfupa si wa mwandishi.

Hapa naona mtego unaotuhusu sisi tunaoandika insha. Babu yake Mathias ni Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda na baadaye Jaji Mkuu. Mwaka 1972 aliamuru Mwingereza aliyezuiliwa na wanajeshi kinyume cha sheria aachiwe. Tarehe 21 Septemba mwaka huo watu wa Idi Amin walimkamata Mahakama Kuu, Kampala, na akauawa. Unaona insha inavyojiandika: babu aliyefia kuachia, mjukuu aliyechekwa kwa kuachia. Ni tamu mno, na ni uongo. Mmoja alitoa hukumu akijua bunduki ziko wapi. Mwingine alifanya hesabu ya sekunde moja kuhusu yadi 15. Kumfanya mjukuu kuwa mwangwi wa babu ni kumpitisha kwenye chekeche nyingine, ya ukoo badala ya kiganja. Msaka vipaji humnyima mtu hadithi. Sisi humpa hadithi isiyo yake. Kati ya makosa hayo mawili, la kwake angalau linaweza kusahihishwa kwa kutazama mkanda tena.

Nalisema hili sasa kwa sababu NFL imeanza kuja Afrika. Mwaka 2022 ilifanya kambi Ghana, mwaka 2023 ikafika Nairobi. Kutoka Nairobi hadi miteremko hii si mbali, na siku moja kijana wa Vunjo mwenye mabega mapana atasimamishwa ukutani apimwe mkono. Ataandikwa. Ningependa awepo pia mtu wa kumwandika kwa Kiswahili, mwenye jicho la msaka vipaji kwa nyonga na kiganja, anayetaja jina la mtenda katika kila sentensi, na anayeweka kwenye karatasi ileile hasara itakuwa ya nani.