Mcheza Kwao Hutunzwa: Mpira wa Alasiri katika Champion Hill

Wazee walisema, Mcheza kwao hutunzwa. Walisema hayo kwa ajili ya ngoma, kwa kuwa mchezaji hodari akicheza mbele ya watu wake hakosi wa kumpa tunzo. Lakini neno kutunza lina maana mbili: kumpa mtu zawadi kwa uhodari wake, na kukiangalia kitu kisiharibike. Twataka kulipima neno hili juu ya mpira wa miguu, wala si mpira wa vilabu vikubwa ambavyo habari zake zavuma ulimwenguni kote, bali ule wa vilabu vidogo vya Uingereza, uchezwao Jumamosi alasiri mbele ya watu ambao wengi wao ni majirani.

Yafaa kwanza msomaji ajue mpango wa nchi ile. Vilabu vya wanaume 92 vimo katika madaraja manne ya juu. Chini yao viko vilabu vingi sana, ambavyo huitwa vilabu visivyo vya ligi, ijapokuwa navyo vina ligi zao, moja juu ya nyingine kama vidato vya ngazi. Tangu mwaka 1987 bingwa wa kidato cha juu chao aweza kuingia katika madaraja manne yale bila kupigiwa kura, mradi atimize masharti. Basi hata aliye chini kabisa ana njia ya kupanda, ingawa ni ndefu.

Kimoja cha vilabu hivyo ni Dulwich Hamlet, upande wa kusini wa London. Kilianzishwa mwaka 1893 na Lorraine Wilson, ambaye watu walimwita “Pa”, yaani Baba, pamoja na vijana waliokuwa wamesoma katika shule ya Dulwich Hamlet. Kiwanja chake chaitwa Champion Hill. Mwaka 1933 watu 20,744 walikusanyika hapo kutazama fainali ya Kombe la Ridhaa, na mwaka 1948, wakati wa michezo ya Olimpiki, Korea iliwashinda Mexico hapo kwa magoli 5 kwa 3. Jukwaa lile kubwa la zamani halipo tena. Lilibomolewa, sehemu ya ardhi ikauzwa ili lijengwe duka kubwa, na kiwanja kidogo zaidi kikafunguliwa mwaka 1992. Kwa hiyo asiende mtu huko akitafuta fahari ya majengo.

Hata hivyo alasiri yenye jua katika Champion Hill ina uzuri wake. Mchezo huanza saa tisa, saa iliyozoewa tangu wafanyakazi wa viwanda wa karne ya 19 walipopata mapumziko ya nusu siku ya Jumamosi. Mtazamaji hakai mbali, maana kati yake na wachezaji hamna ila chuma cha kuegemea na hatua chache za nyasi. Asikia mshindo wa kiatu juu ya mpira. Asikia golikipa akiwaonya mabeki wake. Asikia hata mwalimu wa timu akimlaumu mtu kwa jina. Wapenzi wa Dulwich husimama nyuma ya goli linaloshambuliwa na timu yao. Ifikapo mapumziko, huchukua bendera zao za rangi ya waridi na buluu, wakazunguka kiwanja, wakasimama nyuma ya goli la pili. Katika viwanja vikubwa jambo hili haliwezekani, kwa kuwa kila mtu ana kiti chenye namba yake, na wapenzi wa pande mbili hutengwa.

Sasa tuupime mchezo wenyewe. Hapa twaona watu wakipotea kwa njia mbili. Wa kwanza ni wenye dharau. Wao hutazama dakika kumi, wakaona mpira umepigwa juu bila shabaha, wakaona pasi imekwenda kwa adui, wakasema, Huu si mpira. Twakubali kwamba makosa hayo yapo, tena ni mengi. Lakini sababu yake si ujinga. Wengi wa wachezaji hawa wana kazi nyingine siku za juma, nao hufanya mazoezi jioni chache tu. Miguu iliyosimama kazini tangu Jumatatu haiwezi kuwa myepesi Jumamosi kama miguu ya mtu asiye na kazi nyingine. Tena mwenye dharau hukosa somo zuri. Katika mchezo wa mabingwa mambo hupita kwa wepesi hata jicho halioni goli lilizaliwa wapi. Hapa mtazamaji aona beki akisita, aona pengo likifunguka, aona mshambuliaji akilitambua pengo lile kabla ya mpira kufika. Atakaye kujifunza namna mchezo unavyokwenda, na aanzie hapa.

Wa pili ni wenye sifa za uongo. Hawa husema kwamba mpira mdogo ni safi, haujaguswa na fedha, nao ni mpira wa kweli kama ulivyochezwa na babu zao. Maneno haya ni matamu, lakini hayapatani na habari zilivyokuwa. Kwa miaka mingi wachezaji wa Uingereza waligawanywa sehemu mbili, wa kulipwa na wa ridhaa, na wa ridhaa walikatazwa kupokea ujira. Kumbe wengine wao walipewa fedha kwa siri, na jambo hilo lilijulikana sana hata mwaka 1974 chama cha mpira kikaufuta mgawanyo huo, na Kombe la Ridhaa likakoma. Hatukatai kwamba walikuwapo watu waliokuwa wa ridhaa kwa moyo. Edgar Kail aliichezea Dulwich Hamlet tangu mwaka 1919 hata 1933, akafunga magoli zaidi ya 400, na mwaka 1929 akaichezea Uingereza mara tatu, akifunga mawili siku ya kwanza walipocheza na Ufaransa. Vilabu vya kulipwa vilimtaka, naye akabaki pale pale akiendelea na kazi yake ya kuuza vinywaji. Lakini sifa ya mtu mmoja haiwezi kufunika desturi ya wengi.

Tena ukaribu wenyewe, ambao tumeusifu, una ubaya wake. Mwamuzi asiyelindwa na umbali asikia kila tusi, na wako watu wazima wasioona haya kumtukana mbele ya watoto wao. Pombe nayo huuzwa. Sheria ya mwaka 1985 yakataza kuinywa huku mtu akitazama mchezo katika viwanja vikubwa, lakini vilabu vya ngazi za chini havimo katika katazo hilo. Wengi hunywa kwa kiasi. Wachache hawajui kiasi, na alasiri ya wote huchafuka kwa ajili yao. Asemaye kwamba mpira mdogo una adabu zaidi kwa sababu ni mdogo, hajasimama karibu na mwamuzi.

Basi, ikiwa uzuri wake haumo katika ufundi wala katika usafi, umo wapi? Jibu tulilipata mwaka 2018. Ardhi ya Champion Hill haikuwa mali ya klabu. Mwenye ardhi alitaka kujenga nyumba, mabishano yakazuka, na mwezi wa Machi mwaka ule klabu ikatolewa kiwanjani. Haikutosha: ikaletewa barua kwamba hata jina lake la Dulwich Hamlet limekwisha kuandikishwa na wengine kuwa mali yao, wala isilitumie. Klabu ya miaka 125 ikawa haina nyumba, nayo imeambiwa kwamba haina jina.

Miaka michache kabla ya hayo watazamaji walikuwa wameongezeka toka mamia hata kupita elfu. Wenyeji wa zamani waliwaangalia wageni hawa kwa mashaka. Walidhani wamekuja kwa kufuata mtindo tu, kwa ajili ya jua na bilauri ya pombe, na kwamba siku ya shida hawataonekana. Siku ya shida ilipofika, wageni na wenyeji waliandamana pamoja njiani. Timu ikahamia kiwanja cha Tooting & Mitcham, nao wakaifuata huko. Madai juu ya jina yakaachwa kwa sababu ya hasira ya watu. Mwezi wa Mei timu ile isiyo na kwao ikaishinda Hendon kwa mikwaju ya penalti, ikapanda daraja. Na mwezi wa Desemba, baada ya mapatano, ikarudi Champion Hill.

Hapo twaona maana ya methali yetu ikigeuka mbele ya macho yetu. Tulidhani kwamba kwao ni mahali ambapo mchezaji hungoja tunzo. Kumbe kwao ni mahali penye watu wanaokubali kutunza. Hati ya ardhi ilikuwa ya mwingine, lakini hakuna hati iliyoweza kuwaamuru watu wale wabaki nyumbani siku ya Jumamosi. Hata hivyo tusijidanganye, maana mapenzi bila hati ni ukuta mwembamba. Viko vilabu vilivyopendwa vivyo hivyo, na viwanja vyao vikajengwa nyumba. Dulwich waliponea chupuchupu.

Kwa hiyo hukumu yetu ni hii. Mpira wa vilabu vidogo usipimwe kwa kipimo cha mabingwa, wala usivishwe utakatifu usiokuwa wake. Upimwe kwa swali moja: je, aliyekuja kutazama ana kazi gani hapa? Katika uwanja mkubwa kazi yake ni kulipa na kushangilia. Asipokuja, kiti chake kitapata mwingine. Katika uwanja mdogo mtazamaji wa leo ndiye apakaye chokaa mistari kesho, auzaye chai, akusanyaye kiingilio mlangoni. Asipokuja, pengo lake huonekana. Hilo ndilo jambo ambalo uwanja mkubwa hauwezi kulinunua, na kwa ajili yake twasamehe pasi nyingi zilizopotea.

Nanyi wasomaji wetu mlio na kiwanja kijijini, mwajua ni nani afyekaye nyasi zake. Basi ulizeni pia ardhi ile imeandikwa kwa jina la nani, tena ulizeni mapema, wakati jua lingali likiwaka na hakuna ugomvi.