Roadster au 86: raha ya usukani ilivyotengenezwa

Toyota 86 ilipoingia sokoni mwaka 2012 ilikuwa imefungwa tairi za Michelin Primacy HP zenye upana wa milimita 215, aina ileile iliyokuwa ikionekana kwenye Prius. Prius, gari la kubana mafuta! Wapenda kasi wengi walidhani ni ubahili. Kumbe injinia mkuu wa gari hilo, Tetsuya Tada, alizitaka tairi hizo kwa makusudi, na anayeielewa sababu yake hatapata tabu kuchagua kati ya 86 na mpinzani wake wa karibu, Mazda Roadster, ambayo nje ya Japani huitwa MX-5.

Tairi pana inayonata sana haianzi kuteleza mpaka mwendo uwe mkubwa mno. Dereva akifika hapo yuko kwenye kasi ambayo kosa dogo tu linamtoa barabarani. Tairi ya kawaida huachia mapema na huachia polepole, mwendo ukiwa bado wa kiungwana. Unaisikia kwenye usukani na kwenye kiti, unaondoa mguu kidogo au unaongeza mafuta kidogo, gari linarudi kwenye mstari wake. Ladha yote ya gari dogo la michezo imo humo. Gari la farasi 500 litaipita kona hiyohiyo kwa kasi kubwa zaidi, na dereva wake asiwe na la kusimulia.

Viwanda hivi viwili vilikuwa na shabaha moja ila vilipita njia tofauti. Toyota ilishirikiana na Subaru, ambayo iliunda gari hilo kwenye kiwanda chake cha Gunma na kuuza pacha wake kwa jina la BRZ. Injini ni ya Subaru: pistoni zake zinalala kushoto na kulia badala ya kusimama, kwa hiyo injini yenyewe inakaa chini sana. Kitovu cha uzito kikateremka hadi kiasi cha milimita 460 kutoka ardhini, na gari likaweza kukata kona bila kuinama sana na bila kuhitaji springi ngumu kupindukia. Tada alikataa turbo, akakataa pia kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Ukapatikana ujazo wa lita 2, farasi 200 kwenye mizunguko 7,000 kwa dakika, na uzito wa takriban kilo 1,230.

Kasoro yake inajulikana. Kati ya mizunguko 3,000 na 4,500 injini hiyo inazama, kama vile mtu amekanyaga bomba la petroli. Na huko ndiko dereva wa kawaida anakoshinda kutwa. Kizazi cha pili, GR86, kilichotoka mwaka 2021, kiliongezwa ujazo hadi lita 2.4, na torki ya Nm 250 sasa inafika kwenye mizunguko 3,700 tu, wakati ile ya kwanza ilitoa Nm 205 kwa kulazimishwa hadi zaidi ya 6,000. Aliyeendesha zote mbili hawezi kuichagua ile ya zamani kwa sababu nyingine isipokuwa bei.

Mazda iliianza hesabu yake kwenye kilo. Roadster ya kwanza, iliyoonyeshwa Chicago mwaka 1989, ilikuwa na fremu ya alumini iliyounganisha giaboksi na difu vikawa kitu kimoja, ili ukikanyaga mafuta nguvu ifike kwenye magurudumu ya nyuma bila kupotea katika kujipinda kwa vyuma. Fremu hiyo ipo hadi leo. Kizazi cha nne, cha mwaka 2015, injini yake imesukumwa nyuma ya ekseli ya mbele, na boneti na mfuniko wa buti ni vya alumini. Toleo jepesi kuliko yote la Japani mwaka huo lilikuwa na kilo 990, injini ya lita 1.5 na farasi 131.

Ukigawanya, Roadster hiyo ina farasi 132 kwa kila tani, na 86 ya kwanza ina 163. Kwenye karatasi mshindi anajulikana. Lakini hesabu hiyo inahusu kuongeza mwendo tu. Kufunga breki, kugeuza pua ya gari, kulituliza baada ya kona, vyote vinalipiwa kwa uzito, na tofauti ya kilo 240 ni sawa na kubeba watu wazima watatu muda wote.

Roadster ina jambo linalowaudhi wengi: inainama kwenye kona. Wengine hukimbilia kufunga springi ngumu siku ya pili baada ya kununua, nami naona wanajiharibia. Kule kuinama kunakwambia tairi ipi imebeba mzigo na imebakiwa na mshiko kiasi gani. Hata hivyo Mazda ilijua kuna mahali ambapo gurudumu la nyuma la ndani hupunguza mno uzito wake na gari kuanza kuyumba. Dawa yake, iliyotolewa kuanzia toleo la mwaka 2022, ndiyo kazi ya kiufundi ninayoihusudu kuliko zote humu: kompyuta hufunga breki ya gurudumu hilo kidogo sana, na kwa jinsi mikono ya ekseli ya nyuma ilivyopangwa, breki hiyo huivuta bodi kuelekea chini. Uzito ulioongezeka ni sifuri, kwa kuwa breki zilikuwapo tayari na kilichoandikwa ni programu tu.

Wasomaji watauliza kuhusu Honda S2000, Toyota MR2 na Lotus Elise. Elise ya mwaka 1996 ilikuwa na takriban kilo 725, na hakuna aliyewahi kuifundisha kitu kuhusu wepesi. Ila Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari kuukuu ushuru wa ziada. MR2 iliacha kuundwa mwaka 2007, S2000 mwaka 2009. Acha tuzungumzie yanayopatikana.

Kwa mtu anayeendesha peke yake au na mwenzake, kwenye mteremko wa Mai Mahiu kule Kenya au kona za Kitonga kule Tanzania siku isiyo na malori, chaguo langu ni Roadster ya lita 1.5 yenye gia za mkono. Mwenye mtoto, au anayetaka kubeba tairi nne za akiba (viti vya nyuma vikilazwa zinaingia), achukue GR86. Yote mawili yako chini, kwa hiyo matuta yapande kwa mshazari, na yote yana mgandamizo mkubwa wa injini, kwa hiyo usiyanyime petroli nzuri. Anayelazimika kununua 86 au BRZ ya miaka ya mwanzo aulize kwanza swali moja: mwaka 2018 magari hayo yaliitwa yarudi kubadilishwa springi za valvu, kazi inayohitaji injini ishushwe. Asiyeonyeshwa karatasi ya kazi hiyo atafute gari lingine.