Mgeni wa Mfululizo, Mwenyeji wa Mandhari

Je, mtu anaweza kuifurahia na kuihakiki kazi ya pili katika mfululizo bila kuijua ya kwanza? Watahiniwa wengi hudhani kwamba asiyejua usuli wote wa kazi hana ruhusa ya kuisemea. Hukimbilia miongozo, wakakariri maoni ya wengine na kuyaacha macho yao wenyewe. Makala haya yanapinga dhana hiyo kwa kutumia sinema ya Lara Croft Tomb Raider: The Cradle of Life, iliyoongozwa na Jan de Bont na kutolewa mwaka wa 2003. Ilitanguliwa na nyingine ya mwaka wa 2001, ambayo nayo ilitokana na mchezo wa kompyuta wa 1996. Isitoshe, sehemu zake zilipigwa hapa Kenya: Amboseli na katika Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, jirani na Mlima Longonot.

Sinema hii inachanganya sayansi ya kubuni na visasili. Lara, mtafiti wa mambo ya kale, anasaka sanduku la Pandora lenye tauni ya kuangamiza watu. Mpinzani wake ni Jonathan Reiss, mwanasayansi mwenye Tuzo ya Nobel ambaye sasa hutengeneza silaha za viini vya maradhi na kuziuza. Msako unaanzia baharini Ugiriki, unapitia Uchina na kuishia Afrika, penye Chimbuko la Uhai.

Hebu tuangalie jinsi mgeni anavyopokelewa. Hillary na Bryce wanajitokeza nyumbani kwa Lara bila kutambulishwa. Hata hivyo, hatuhitaji sinema ya kwanza ili tuwajue: mmoja anatumikia nyumba, mwingine anashughulikia mitambo. Matendo yao ndiyo utambulisho wao. Terry Sheridan naye ni askari wa zamani aliyepotoka, na aliwahi kuwa mpenzi wa Lara. Mtazamaji mgeni atadhani penzi hilo alilikosa katika sinema ya 2001. La hasha! Terry hayumo kabisa katika sinema hiyo. Aliyeiona na asiyeiona wako sawa. Wote wanategemea mazungumzo ya wahusika ili kulijua penzi hilo. Tanabahi basi, mtahiniwa: usuli unaoudhania uko nje ya kazi mara nyingi umo mumo humo ndani.

Hatusemi kwamba mgeni hakosi kitu. Uzito wa marehemu baba yake Lara, ambao ni nguzo ya sinema ya kwanza, utampita. Lakini kilele hakimpiti. Reiss akishashindwa, Terry anataka kulichukua sanduku kwa tamaa ya mali. Lara anampiga risasi na kuliacha sanduku pale pale. Maudhui ya elimu isiyo na utu, na ya mgogoro kati ya mapenzi na wajibu, yanajitosheleza. Mgeni anaumia pamoja na Lara kwa sababu uchungu huo umejengwa mbele ya macho yake.

Sasa zingatia jambo ambalo wewe mwalimu wa Longonot au Naivasha unaweza kuwafunulia wanafunzi wako. Wao ni wageni wa mfululizo, lakini ni wenyeji wa mandhari. Sinema inatuambia kwamba tuko karibu na Kilimanjaro. Mtoto wa Longonot anajua kwamba Hell's Gate iko zaidi ya kilomita 200 kutoka mlima huo. Hiyo si dosari peke yake, kwani msanii ana uhuru wa kubuni mandhari. Lakini ujuzi huo unamfungulia mlango wa maswali mazito. Kwa nini kisasili cha Wagiriki kihamishiwe Afrika? Kwa nini bara linaloitwa chimbuko la uhai ndilo linalofichwa mauti? Kosa, anayeigizwa na Djimon Hounsou, mzaliwa wa Benin, ni rafiki na mkalimani. Anayeamua hatima ya ulimwengu ni shujaa kutoka Uingereza. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa nani amepona, na nani amekuwa pambo la mandhari? Maswali haya hayahitaji sinema ya kwanza. Yanahitaji jicho la mwenyeji.

Fasihi yetu pia inamthamini mgeni. Katika Walenisi (1995) ya Katama Mkangi, Dzombo anaadhibiwa kwa kurushwa angani ndani ya chombo, akatua katika ulimwengu asioujua. Ugeni wake ndio unaotufundisha ulimwengu huo, kwani tunajifunza kila anapojifunza. Jina lenyewe, "wale ni sisi", linatukumbusha kwamba anayetazama ugenini hujiona.

Kwa hivyo, mtahiniwa, usiogope kuingia katika kazi kupitia mlango wa pili. Ingia, tazama, kisha thibitisha kila hoja kwa kilichomo. Mwalimu naye asimnyime alama mwanafunzi aliyeona jambo ambalo mwongozo haukuliona, mradi ushahidi upo.

Zoezi: "Mgeni huona mengi kuliko mwenyeji." Jadili kauli hii ukirejelea Dzombo katika Walenisi.