Kiherehere, au nani kakutuma?

Tumezoea kuweka pupa, papara na kiherehere kwenye kapu moja, kana kwamba yote ni haraka tu. Hata wahakiki tunafanya hivyo. Lakini mwenye pupa anakimbilia kupata, ndiyo maana tunaambiwa mtaka yote kwa pupa hukosa yote. Mwenye papara anatenda kabla hajafikiri. Mwenye kiherehere anaweza kuwa amefikiri vizuri kabisa. Kosa lake ni kwamba hakuitwa. Ndiyo maana ni nadra kusikia bosi akiambiwa ana kiherehere. Anaambiwa mtoto, msichana, bi harusi aliyefika juzi ukweni.

Msome tena Karama katika *Kusadikika* ya Shaaban Robert. Anasimama mahakamani kwa kuanzisha mafunzo ya uanasheria, na anayemshtaki ni Majivuno (jina lenyewe tu, jamani!). Neno kiherehere nalileta mimi hapa, si mwandishi. Ila kila nikisoma kesi ile nasikia swali la mtaani: wewe kijana, nani kakutuma? Kwa usomaji wangu, kinachowaudhi wakubwa si ubaya wa somo. Ni kwamba mtu asiye na cheo kalianza bila wao.

Basi neno hili ni rungu la wakubwa na tuliache? Hapo nasita. Miaka michache iliyopita nilirusha mtandaoni habari ya msiba kabla familia yote haijajua. Taarifa ilikuwa ya kweli. Dada wa marehemu akanipigia, hakunitukana, alisema tu, "Kaka, kiherehere cha nini?" Sijapata neno lingine la kutaja nilichofanya. Uzembe si wenyewe, maana nilihakiki. Papara nayo haitoshi. Sikuitwa, basi.

Na kuna maana ya zamani ambayo bado imo kamusini: kiherehere cha moyo, moyo kwenda mbio kwa wasiwasi. Siku ile, kidole kikiwa juu ya simu, moyo ulikuwa unadunda hivyo. Shida ni kwamba ulidunda vilevile siku niliponyoosha mkono mkutanoni kumuuliza mkubwa mmoja habari za zabuni, na mwenzangu akanivuta shati: "Acha kiherehere, bwana." Niliuliza. Nikiulizwa kesho, nitauliza tena.