Utando, Kiwambo na Milia ya Kitatange

Neno utando limezoeleka hata ni nadra kuulizwa limebeba nini. Katika vitabu vya shule fasili yake huwa fupi: tabaka jembamba linalotenga sehemu mbili. Tunaona kwamba fasili hiyo haitoshi, na upungufu wake hudhihirika mara neno liingiapo katika hisabati.

Mwaka 1952 Alan Turing alionyesha kuwa kemikali mbili zinazomenyuka, moja ikichochea na nyingine ikizuia na kusambaa upesi zaidi, zaweza kuzaa ruwaza mahali ambapo awali hali ilikuwa sawa kote. Mwaka 1995 Kondo na Asai wa Japani waliifuata hoja hiyo katika ngozi ya samaki wa jamaa ya kitatange, Pomacanthus semicirculatus, apatikanaye pia katika matumbawe ya pwani yetu. Akiwa chini ya sentimita 2 ana milia mitatu. Akifikia sentimita 4, milia mipya huchipuka kati ya ile ya zamani. (Ndiyo maana hatulipendi neno mtawanyiko hapa: takwimu zimekwisha kulichukua, na kitawanyikacho hakitarajiwi kuchora mlia. Usambaaji lafaa zaidi.)

Sasa tuweke utando katikati ya uwanja huo. Milinganyo hudai kwamba kitokacho upande mmoja ndicho kiingiacho upande wa pili, na kwamba mtiririko uwiane na tofauti ya ukolezi wa pande hizo. Kizigeu cha upenyezaji kikiwa sifuri, utando umekuwa ukuta. Kikiwa kikubwa mno, ni kana kwamba haupo. Kwa hiyo kiwambo, ambalo wengine hulipendelea, halifai: ni ngozi iliyowambwa, ya ngoma au ya sikio, nayo hupokea mtikisiko tu. Ukuta nalo limekwisha kupewa seli za mimea.

Mwanafunzi wa uvuvi pale Mbegani, kusini ya mji wa Bagamoyo, anaufahamu uzio wa fito upitishao maji na kuzuia samaki. Hatusemi istilahi iwe uzio. Uzio hukubali au hukataa, ilhali utando hupitisha kila kemikali kwa kadiri yake. Lakini mfano huo wamfikisha mwanafunzi karibu kuliko fasili ya sasa, ambayo humfanya aandike sifuri mahali pa kizigeu. Utando na ubaki, na fasili yake isomeke: tabaka jembamba linalotenga sehemu mbili na kupenyeza vitu kati yake kwa kadiri maalumu.