Kicheko cha Kashasha: Uhakiki wa Taarifa ya Mwaka 1963

Mwezi Mei 1963 jarida la madaktari la Afrika ya Kati lilitoa taarifa fupi ya A. M. Rankin na P. J. Philip juu ya mlipuko wa kicheko katika wilaya ya Bukoba. Tangu hapo taarifa hiyo imetajwa mahali pengi ulimwenguni, na mara nyingi kama kichekesho. Sisi tulio watumishi katika Kanisa hatuna budi kuisoma kwa namna nyingine, kwa maana ndani yake limo swali la kichungaji: mtu ambaye nafsi yake imezidiwa, atafutapo msaada kwa mara ya kwanza, hukutana na nani?

Mambo yenyewe ni haya. Tarehe 30 Januari 1962 wasichana watatu wa shule ya bweni ya misheni huko Kashasha, katika eneo ambalo leo ni wilaya ya Muleba, walishikwa na kicheko kisichozuilika. Hadi tarehe 18 Machi, shule ilipofungwa, wanafunzi 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa. Walirudishwa makwao, na hali ile ikatokea Nshamba, ambako watu 217 walipatwa katika miezi ya Aprili na Mei. Kisha ikaingia katika shule nyingine karibu na Bukoba. Hakufa mtu. Walicheka, walilia, walihangaika, na wengine walijawa na hofu.

Kwanza tuwape waandishi haki yao. Hawakukimbilia mapepo wala sumu. Walimpima mgonjwa kwa mgonjwa, wakachunguza damu na chakula, na walipokosa chanzo cha kimwili wakakiri hivyo. Hitimisho lao, kwamba maradhi yalitoka nafsini na kuenea kutoka mtu hata mtu, linakubaliwa na wengi hata leo. Mwaka 2007 Christian Hempelmann aliyapitia masimulizi haya tena, akaonyesha kuwa kicheko kile hakikuwa cha furaha hata kidogo, bali dalili ya dhiki.

Hata hivyo taarifa ina upungufu mkubwa. Wasichana wamo ndani yake kwa hesabu, kwa umri na kwa siku za kuugua. Hofu zao zimetajwa, lakini kama dalili tu miongoni mwa dalili. Tunajua damu yao ilikuwaje. Hatujui bweni lilikuwaje usiku, wala waliogopa nini, wala walikuwa wamemwambia nani kabla ya mwili kusema badala ya kinywa. Waandishi walilipata jina la ugonjwa, na jina lilipopatikana mazungumzo yakaisha.

Tusivuke mpaka wa ushahidi. Hatusemi kwamba wasichana wale walikuwa na sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito uondoao usingizi, hamu ya chakula na nguvu za kufanya kazi kwa majuma mengi. Tunasema tu kwamba mwenye sonona anayebisha hodi kwetu leo aweza kupokewa vivyo hivyo: akapewa jina, kisha akaagwa.

Na hapa uhakiki unatugeukia sisi. Uamsho ulioingia Buhaya katika miaka ya 1930 ulituachia zawadi kubwa: watu walijifunza kusema mbele ya ndugu mambo yaliyokuwa yamefichwa. Lakini ushuhuda wetu umezoea kuishia katika ushindi. Mkristo asiye na ushindi wa kusimulia hunyamaza, au huungama huzuni yake kana kwamba ni dhambi. Nasi humwombea upesi, tukampa mstari, tukamwambia ajipe moyo. Madaktari walitoa jina la hospitali. Sisi hutoa jina la upungufu wa imani. Lipi limemwumiza zaidi?

Njia nyingine ipo, wala haiko mbali. Katika wilaya za Masaka na Rakai nchini Uganda, ng'ambo tu ya mpaka wa Kagera, watafiti walianza kwa kuwasikiliza wenyeji. Walikuta kwamba Kiganda kina maneno yake ya hali hii, moja likiwa la kujichukia nafsi. Ndipo mwaka 2002 vikaanzishwa vikundi vya mazungumzo, vya wanaume mbali na vya wanawake mbali, kila juma kwa majuma 16, vikiongozwa na watu wa huko huko waliofundishwa kwa majuma mawili. Mwishoni waliobaki na sonona katika vikundi walikuwa asilimia 6.5, katika vijiji visivyopata huduma hiyo walikuwa asilimia 54.7. Tuzo hilo ni la kusikiliza kwa utaratibu.

Maandiko nayo yalitutangulia. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, malaika hakumhubiri. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akampa tena; swali lilikuja baadaye, huko Horebu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, na Kanisa halikuiondoa katika kanoni.

Kwa hiyo tunawasihi wanafunzi wa teolojia wajifunze mambo matatu. Kuuliza kabla ya kuomba. Kuuliza waziwazi kama mtu anawaza kujiua, kwa kuwa swali hilo halipandi wazo hilo. Na kufahamu mpaka wa kazi yetu: sonona ina tiba, ya mazungumzo na ya dawa, na mhudumu wa afya si mshindani wa madhabahu. Lakini tusimtume mtu peke yake kwa barua ya utambulisho. Kwetu mgeni husindikizwa. Aendaye hospitali kwa mara ya kwanza kusema habari za nafsi yake ana njia ndefu kuliko mgeni yeyote. Mchungaji na afike naye hadi mlangoni, amngoje, kisha arudi naye.