Hasara Huanza Lini? Uhakiki wa Dhana ya Haki ya Tabianchi katika Mwambao wa Rumonge

Makala haya yanahoji dhana iliyozoeleka katika mijadala ya haki ya tabianchi, kwamba hasara ya mwathirika huanza kuhesabiwa siku maji yanapoingia nyumbani mwake. Katika mwambao wa Rumonge hesabu hiyo ina kasoro ya msingi.

Dai la Burundi dhidi ya nchi tajiri halina utata. Ni miongoni mwa nchi zinazotoa hewa ukaa kidogo kabisa kwa kila mtu duniani. Ziwa Tanganyika nalo, ambalo maji yake hutokea kwa mto Lukuga pekee, lilifurika mwaka 2024 kufuatia mvua kubwa, likameza nyumba za ukingoni. Mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 unasimama juu ya dai la namna hiyo, ingawa wafadhili hulikwepa neno “fidia”.

Ugumu uko ndani ya nchi. Mauaji ya 1972 yaliwafukuza maelfu ya wakazi wa Rumonge na Nyanza-Lac, wengi wakaishia Katumba, Ulyankulu na Mishamo nchini Tanzania. Mashamba yao, yakiwemo ya michikichi, yalikaliwa na wengine. Kisha sheria ya ardhi ya 1986 ikamtambua aliyekalia ardhi kwa miaka 30, au 15 akiwa na nia njema. Wapatao 50,000 walirejea kuanzia 2008, muda huo ukiwa umekwisha kupita. Walirudi na Kiswahili, si na shamba. Tume ya ardhi na mali nyingine, iliyoundwa 2006, ilijaribu kusuluhisha, mara nyingine kwa kuligawa shamba kati ya aliyerejea na aliyelikalia.

Asiye na shamba huishi kwa ziwa, akapanga chumba karibu na mwalo. Hapo sheria ya maji ya 2012 inamkuta: imehifadhi mita 150 kutoka ukingoni. Maji yakipanda, mtu huyo huandikwa kuwa mvamizi wa eneo la hifadhi kabla hajaandikwa kuwa mwathirika. Mwenye nyumba aweza kudai ukuta wake. Mpangaji atadai nini?

Wapo wanaohofia kwamba kuitaja 1972 katika masuala ya mafuriko kutachokonoa vidonda. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, orodha ya walengwa inayotegemea hati za tarafa pekee imekwisha kuchukua upande katika mgogoro huo, tena bila kuutaja. Kwa hiyo fomu ya tathmini Rumonge iulize pia familia ilikuwa ikilima wapi kabla ya 1972, na jibu likubaliwe kwa ushahidi wa majirani.